Kabla Hujamlipa Kocha: Je, Shauri la Maisha Linanunuliwa?



Kijana mwenzangu, leo tuzungumze habari za makocha. Siyo makocha wa Simba na Yanga, hao tuwaachie wenye timu zao. Nasema kocha wa maisha na kocha wa biashara: mtu unayemlipa akusaidie kufikiri unataka nini, upange hatua za kufika huko, halafu akufuatilie kama kweli umezichukua. Siku hizi uwe Kilosa mjini karibu na stesheni, uwe Mikumi pale malori ya Zambia yanapopumzika, ukifungua simu tu, tangazo lake unalo. Picha ya gari, picha ya suti, maneno mawili matatu ya kukupa moyo, na namba ya kutumia hela. "Nafasi zimebaki tano." Jana nazo zilikuwa tano.

Vijana wa VIWAWA, na wale waliotoka TYCS baada ya kumaliza shule, wananiuliza: "Frateri, nimlipe au nisimlipe?" Mmoja anauliza kwa aibu, kana kwamba anaulizia dhambi. Mwingine anauliza kwa hasira, kwa sababu mtu wa nyumbani kwake ameshalipa na matunda hayaonekani. Swali la hela ni la haki kabisa. Shilingi 150,000 kwa kijana anayeuza vitunguu kando ya barabara kuu siyo chenji, ni mtaji. Lakini chini ya swali hilo naona lingine kubwa zaidi, la falsafa na la imani pia: je, shauri juu ya maisha yangu ni kitu cha kununuliwa? Na kama kinanunuliwa, ipo sehemu ya maisha yangu ambayo sina haki ya kuiweka mikononi mwa mtu hata nikimlipa kiasi gani?

Tuanze taratibu, maana ukikosea kukijua kitu utakosea pia kukihukumu.

Kocha ni nani hasa?

Neno lenyewe limesafiri sana. Huko Hungaria kuna kijiji kinaitwa Kocs, kilichosifika zamani kwa magari ya kukokotwa na farasi. Jina la gari likaenea Ulaya (ile ya mbali, siyo Ulaya yetu ya njia ya Kilosa kwenda Mikumi) mpaka likaingia katika Kiingereza. Karne ya 19 wanafunzi wa Oxford wakaanza kumwita hivyo mwalimu wa pembeni aliyewavusha kwenye mtihani, kama gari linavyomvusha abiria. Kutoka hapo likaenda michezoni.

Mwaka 1974 mwalimu mmoja wa tenisi wa Marekani, Timothy Gallwey, aliandika kitabu The Inner Game of Tennis. Wazo lake ni kwamba mchezaji ana wapinzani wawili, na yule aliye kichwani mwake ndiye msumbufu kuliko wa ng'ambo ya wavu. Watu wa makampuni wakalipenda. Mwaka 1992 Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa mbio za magari, akaandika Coaching for Performance na kueneza njia ya maswali manne: lengo lako ni nini, hali yako halisi ikoje, njia zipi zipo, na utafanya nini sasa. Mwaka 1995 likaanzishwa Marekani shirikisho la kimataifa la makocha, ICF. Cheti chake cha ngazi ya kwanza kinadai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi na wateja. Ngazi ya juu inadai saa 2,500 za kazi.

Nakutajia haya kwa sababu mbili. Kwanza, ujue kwamba kazi hii ipo kweli, ina njia zake na watu wake makini. Siyo kila anayejiita kocha ni tapeli. Pili, ujue kwamba cheti hicho ni cha hiari. Daktari hawezi kutibu bila kusajiliwa na baraza lake. Wakili hawezi kusimama mahakamani bila kuapishwa. Jina la kocha wa maisha halina ulinzi wa namna hiyo. Mtu anaweza kulala mfanyabiashara aliyeshindwa na kuamka kocha wa biashara, na hakuna atakayemwuliza.

Sasa, kocha wa kweli kazi yake kubwa ni kuuliza. Hapo ndipo anapotofautiana na wengine tunaowachanganya naye:

Mwalimu anakupa ujuzi usiokuwa nao. Ukitaka kuchomelea vyuma au kushona, unahitaji VETA Mikumi, siyo kocha.

Mtaalamu anakuambia cha kufanya kwa sababu analijua jambo lenyewe. Kuku wako wakifa wote ndani ya wiki moja, mtafute afisa mifugo. Mahindi yako yakidumaa, afisa ugani wa kata yupo, na hapo Kilosa tuna kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Ilonga, kinachoshughulika na mahindi, alizeti na mazao ya jamii ya kunde. Hakuna swali zuri la kocha litakaloponya kuku.

Mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili anamhudumia mtu aliyeumia. Kama hulali usiku, kama umepoteza hamu ya kuishi, usiende kwa kocha wala usikubali kuambiwa ni uvivu. Nenda hospitali, na mwambie mtu wa karibu leo hii.

Mlezi wa kiroho anatembea nawe mbele ya Mungu. Swali lake si jinsi utakavyofanikiwa. Anauliza Mungu anakuitia nini, na mnasikiliza pamoja.

Mhamasishaji anakuchangamsha ukumbini. Unatoka umejaa moto, na Jumatatu moto umezimika. Wengi wanaojiita makocha ni hawa.

Nani basi anahitaji kocha? Chukulia kijana wa Ruhembe ambaye familia yake imeuza miwa na amepewa fungu lake. Anaweza kununua pikipiki, anaweza kufungua duka, anaweza kurudi shule. Habari zote anazo. Anachokosa ni mtu wa kumkalisha chini, amwulize bila kumvuta upande wowote, amsaidie kujisikia anachosema mwenyewe. Huyo kocha mzuri anaweza kumfaa kweli.

Mkunga na mwenye ada

Kama umesoma falsafa hata kidogo, utakuwa umeshamkumbuka Sokrates. Katika maandishi ya Plato anasema kazi yake inafanana na ya mama yake, ambaye alikuwa mkunga. Mkunga hazai yeye. Anamsaidia mwenye mimba azae kilicho chake, kisha anakichunguza kama ni mtoto hai. Na Sokrates hakutoza ada. Umaskini wake aliutaja mahakamani kama shahidi wake.

Wakati uleule walikuwapo walimu wengine, Wasofisti, waliofundisha vijana namna ya kufanikiwa mjini, na walilipwa vizuri. Ni rahisi kusema Sokrates mzuri, hao wabaya. Lakini Aristotle anatueleza jambo la kupendeza kuhusu Protagoras, aliyekuwa mkubwa wao: akimaliza kufundisha alimwambia mwanafunzi apime mwenyewe elimu aliyopata ina thamani gani, na alipokea kiasi hicho. Aristotle anaongeza kwamba wengine walichukua fedha kwanza, wakaahidi makubwa, wakashindwa kuyatimiza, na ndiyo maana walilalamikiwa. Miaka zaidi ya 2,300 imepita. Soma tena tangazo lililo kwenye simu yako.

Kwa hiyo tatizo halikuwa malipo yenyewe. Tatizo lilikuwa ahadi.

Na sisi huku tulikuwa na watu wa kuuliza kabla neno kocha halijafika. Kwa Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, kijana hakuoa wala kuanzisha shamba bila mjomba kukaa naye. Shauri lile halikuwa na risiti. Lakini tusidanganyane kwamba lilikuwa halina bei. Mjomba naye alikuwa na shamba la ukoo la kulinda, na jina la ukoo, na mara nyingine hofu zake mwenyewe. Kijana anayekimbilia kocha wa mbali mara nyingi anamtafuta mtu ambaye hana kitu cha kulinda katika uamuzi wake. Haja hiyo ni ya kweli, tusiibeze.

Thomas wa Akwino na malipo ya wakili

Katika Summa Theologiae, Mtakatifu Thomas anajiuliza kama wakili anatenda haki anapopokea malipo kwa ajili ya shauri na utetezi wake. Kuna pingamizi lililokuwa zito: elimu ni kitu cha kiroho, na cha kiroho hakiuzwi. Jibu lake, kwa maneno yangu, ni hili. Mtu anaweza kwa haki kupokea malipo kwa kile ambacho hakuwa na wajibu wa kumpa mwenzake. Elimu ni ya kiroho, sawa, lakini kuitumia kwa ajili ya mwingine ni kazi: kuna muda, kuna jasho, kuna safari. Hiyo ndiyo inayolipwa. Ila malipo yawe ya kiasi, yakiangalia hali ya mtu, uzito wa jambo, kazi iliyofanyika na desturi ya nchi. Anayemkamua mtu kupita kiasi anatenda dhambi dhidi ya haki.

Naona hapo tumepewa ufunguo. Unapomlipa kocha unalipia kazi na muda wake. Kazi hiyo ikiwa ya kweli na bei ikiwa ya haki, hakuna dhambi kwake wala kwako. Mfanyakazi anastahili ujira.

Lakini Thomas huyohuyo, sehemu nyingine ya kitabu hicho, anakataza kabisa kuuza neema. Simoni mchawi alitaka kuwapa Mitume fedha ili apate uwezo wa kumshusha Roho Mtakatifu, na Petro alimkemea vikali. Naamani alipoponywa ukoma, nabii Elisha alikataa zawadi zake. Mtumishi wake Gehazi akamkimbilia njiani akazipokea kwa uongo, na ukoma ukamwandama yeye. Muujiza hauna bei, na anayeuwekea bei anajidhuru.

Basi sikiliza lugha ya mtu anayekuomba hela. Akisema, "Kikao kimoja ni shilingi kadhaa, tutakaa saa moja, tutafanya hiki na hiki," hapo mnazungumza kazi. Akisema, "Ukilipa leo unafungua milango yako," au "hii ni mbegu, Mungu ataizidisha," ametoka kwenye kazi akaingia kwenye neema. Simama hapo. Watanzania tunayo kumbukumbu: mwaka 2009 serikali ilisimamisha shughuli za DECI, mpango ambao watu walitoa fedha zao kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, wakaja wakakuta hakuna shamba. Lugha ya Biblia ilifanya kazi ambayo hesabu zisingeweza kuifanya: ilimfanya mtu aone aibu kuuliza.

Sehemu isiyokodishwa

Tumekubali kwamba msaada wa kufikiri unaweza kulipiwa. Tubaki na swali la pili: kipi hakikabidhiwi?

Thomas anafundisha kwamba busara ina hatua tatu. Kwanza unatafuta shauri: unachunguza njia zilizopo. Pili unahukumu: njia hii inafaa kuliko ile. Tatu unajiamuru kutenda. Na hatua ya tatu, anasema, ndiyo kilele cha busara. Mtu anaweza kuwa na shauri zuri na hukumu nzuri, na bado akakaa tu barazani miaka mitatu.

Sasa angalia. Katika hatua ya kwanza kocha anaweza kukusaidia sana. Katika ya pili anaweza kukushikia taa. Katika ya tatu uko peke yako na Mungu wako. Anaweza kukukumbusha, anaweza kukupigia simu Ijumaa kuuliza umefanya nini, lakini hawezi kutaka kwa niaba yako. Utashi haukodishwi kama turubai la harusi.

Hapo naona majaribu mawili, na yote mawili ni ya kiburi ingawa hayafanani.

La kwanza ni la asiyeuliza. Thomas anasema wazi kwamba katika mambo ya busara hakuna anayejitosheleza, na utayari wa kufundishwa ni sehemu ya busara yenyewe. Kijana anayesema "mimi najijua" hajafika popote.

La pili limejificha. Ni la anayeuliza ili asiamue. Leo kocha huyu, kesho semina ile, keshokutwa kundi la WhatsApp la kulipia, na kila akimaliza moja anajisikia amefanya jambo. Kumbe amenunua hisia ya kuanza. Moyoni anatafuta mtu wa kumlaumu baadaye: mambo yakiharibika, kocha ndiye aliyesema. Huyu shida yake si kocha. Hata paroko anaweza kumfanyia hivyohivyo, aende ofisini kila wiki kuuliza aolewe na nani.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliliona hili. Katika Mazoezi ya Kiroho anamwonya anayeyaongoza asimsukume mtu upande huu wala ule, hata kuelekea jambo jema kama utawa. Akae katikati kama mizani, amwache Muumba ashughulike na kiumbe wake. Kama kiongozi wa mafungo anatakiwa kujizuia hivyo, kocha aliyelipwa elfu hamsini ana haki gani ya kukuambia uachane na mchumba wako?

Halafu kuna Yethro. Soma Kutoka sura ya 18 utulie nayo. Musa anaamua kesi za watu toka asubuhi hadi jioni, anachoka, na watu wanachoka. Baba mkwe wake anafika, anaangalia, anauliza swali moja la msingi: kazi hii unaifanyaje peke yako? Anamshauri agawe kazi kwa watu waaminifu. Ni shauri la uendeshaji kabisa, siyo la sala. Lakini zingatia mambo mawili. Yethro anaweka sharti: kama Mungu naye akikuagiza hivyo. Na mwisho wa sura, Yethro anarudi nchini kwake. Hakubaki kambini awe mshauri wa kudumu. Kocha mzuri ana tarehe ya kuondoka.

Wanaopinga wana hoja

Rafiki yangu mmoja anasema, "Cha bure hakithaminiwi. Nikilipa ndipo ninafanya." Kuna ukweli: gharama inaweza kumshtua mvivu. Lakini fikiri mpaka mwisho. Kama ni malipo yanayokufanya ufanye, weka hizo hela kwenye kikoba na uwaombe wenzako wakutoze faini usipotimiza. Utapata msukumo uleule, na hela inabaki kijijini.

Mwingine anasema, "Mkatoliki ana padre, kocha wa nini?" Hii inasikika ya kiibada ila si sahihi. Padre amepewa sakramenti; hakupewa kwa upadrisho ujuzi wa kupanga bei ya chipsi. Tukimlazimisha awe mtaalamu wa kila kitu tunamwonea, na tunajionea sisi wenyewe. Na kinyume chake ni kweli pia: kocha asichukue nafasi ya kitubio. Ukiona unamweleza kocha dhambi ambayo hujaipeleka kwa padre, umekosea mlango. Kwa kocha utapewa mpango. Maondoleo hutapewa.

Wa tatu anasema, "Umaskini ni wa kichwani. Badili mawazo, utabadili maisha." Hoja hii naichukia kidogo, nikiri tu. Mawazo yana nguvu, hakuna ubishi. Lakini mwambie hayo mtu wa Kilosa aliyechukuliwa nyumba na mafuriko yaliyoanza mwishoni mwa 2009. Mwambie mkulima ambaye bei ya zao imeanguka siku anayovuna. Ukimfundisha maskini kwamba kila pigo amelitaka mwenyewe kwa kuwaza vibaya, umemwongezea mzigo wa aibu juu ya ule wa njaa. Ayubu alikuwa na marafiki wa namna hiyo, na Mungu hakupendezwa na maneno yao.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma hela

Yoshua bin Sira, sura ya 37, anatupa kanuni ambayo naona ingebandikwa kwenye kila simu: kabla ya kupokea shauri la mtu, jua kwanza yeye ana haja gani. Kila mshauri anasifu shauri lake, na wapo wanaoshauri kwa faida yao. Kwa hiyo chukua karatasi, ukae, kama yule wa Injili ya Luka anayehesabu gharama kabla ya kujenga mnara, uandike:

1. Ninachokosa ni nini: ujuzi, mtaji, tiba, sala, au mtu wa kunisaidia kufikiri? Ikiwa si hilo la mwisho, sihitaji kocha.

2. Amejifunza wapi kazi hii, na amewahi kuifanya biashara anayoizungumzia? Biashara yake kubwa isije ikawa ni kuuza semina za biashara.

3. Nipe watu wawili uliowahi kufanya nao kazi, walioridhia kuzungumza nami. Wasiwe wale wa kwenye tangazo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

4. Vikao vingapi, bei gani kwa jumla, na nikiacha katikati inakuwaje? Yaandikwe. Asiyetaka kuandika ameshakujibu.

5. Ninayokuambia yanabaki wapi? Padre amefungwa na siri ya kitubio. Kocha amefungwa na neno lake tu, kwa hiyo lisikie kabla hujafungua moyo.

6. Ananiahidi nini? Anayeahidi kazi yake, msikilize. Anayeahidi utajiri wako ndani ya siku 90, mpe pole.

7. Ananitaka nifanye nini na watu wangu? Akikuambia ujifanye tajiri ili wateja wakuamini, anakufundisha uongo. Akikuambia ukate mawasiliano na wazazi na marafiki kwa kuwa "wanakurudisha nyuma", jiulize atabaki nani wa kukuonya juu yake.

8. Tutaachana lini?

Na kabla ya yote, tazama kilicho karibu. SIDO, lililoanzishwa 1973, lina ofisi Morogoro na linafundisha wajasiriamali wadogo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mtu wa kumwona ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kumwona ni bure. Na parokiani, miongoni mwa akina baba wa UWAKA na akina mama wa WAWATA, kuna watu wenye duka la miaka ishirini. Shikamoo moja na nusu saa ya kusikiliza inaweza kukupa kile ambacho tangazo linakiuzia. Kuuliza si ujinga.

Ukishafanya hayo yote na bado ukaona kocha fulani anakufaa, ni mkweli, bei yake ni ya haki na hela ipo bila kumnyima mtu chakula, mlipe kwa amani. Hujatenda kosa.

Shauri lililotolewa bure

Kijana mwenzangu, siku ya Kipaimara Askofu alipokupaka krisma ulipewa mapaji saba ya Roho Mtakatifu. Moja linaitwa Shauri. Thomas anasema paji hili linaikamilisha busara: pale akili yetu inapoishia, kwa kuwa haiwezi kuona yote yatakayotokea, Mungu mwenyewe anaishika mkono. Halikuja kufuta kufikiri, wala kufuta wazee, wala kufuta wataalamu. Yoshua bin Sira naye, baada ya kutaja washauri wote, anatuambia tusikilize pia shauri la moyo wetu, na juu ya hayo yote tumwombe Aliye Juu aongoze njia yetu.

Wiki hii jaribu hivi. Swali ulilotaka kumpelekea kocha, liandike kwa sentensi moja. Nenda nalo mbele ya Ekaristi, ukae nusu saa, simu ukiwa umeizima. Kisha lipeleke kwa mtu mmoja anayekujua na mmoja anayelijua jambo hilo. Halafu ndipo uamue kama bado unamhitaji wa tatu.

Tuombe. Ee Roho Mtakatifu, Roho wa Shauri, utupe unyenyekevu wa kuuliza na ujasiri wa kuamua. Uwalinde vijana wenzetu dhidi ya wanaouza ndoto, na uwape makocha, walimu na walezi wetu moyo wa haki, wafurahi siku tutakapoweza kutembea bila wao. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.